Pumzi ya Gwilym Tegid

Kazi yangu ni kukodisha masikio.
Waigizaji huletwa kwangu na sauti zao za nyumbani,
nami nawavua taratibu, kama mtoto avuliwavyo shati lililolowa,
nawavika za watu waliokwisha kuzikwa.

Mwaka ule nililetewa Osian Bebb,
kijana wa Cardiff, mtoto wa muuza mazulia,
aigize Gwilym Tegid Rowlands wa machimbo ya Blaenau,
yule aliyepanda juu ya gari la mawe mwaka wa thelathini na sita
akawaambia wachimbaji elfu mbili wateremke mlimani,
nao wakateremka.

Sauti yake imebaki kwenye santuri moja tu,
nayo ina ufa. Dakika tatu na sekunde kumi na moja,
na humo nusu dakika ni makofi.

Tulianza na ile "r". Yake ilibingirika
kama kokoto ndani ya debe.
Kisha irabu: alizishikilia kinywani
kana kwamba kila neno ni chai ya moto.
Kiingereza chake kilivaa buti za Kiwelisi,
kikapanda mwisho wa sentensi pale wengine wanaposhuka.
Osian alishika upesi. Kasuku wee, nilimwambia,
akacheka kicheko cha marehemu,
ingawa kwenye santuri hamna kicheko.

Na ule ukimya!
Kila baada ya maneno matano, sita, Gwilym Tegid alinyamaza.
"Wenzangu, mkate huu sisi"
kimya
"hatuuombi."
Mwongozaji aliupenda kuliko maneno.
Huyu, alisema, ni mtu anayejua kwamba atasubiriwa.
Niliupima kwa saa: sekunde mbili, mbili na nusu, mara moja tatu.
Nikauandika daftarini kwa wino mwekundu.
Osian akautia macho. Akautia kidevu.

Wiki moja kabla ya pazia kufunguliwa
akaja binti wa Gwilym, Luned, miaka tisini na mmoja,
ana mkoba wa peremende na kifaa cha kusikilizia sikio la kushoto.
Alikaa safu ya pili bila kuvua koti.
Osian akapanda gari la mbao, akaanza,
akafika kwenye mkate, akanyamaza.

"Mbona anatukodolea macho?" bibi akauliza.
"Baba hakuwa akimtazama mtu pale.
Ni vumbi. Kifua kilijaa vumbi la mawe.
Alikuwa anatafuta pumzi.
Akiipata, anaendelea."

Hakuna aliyejibu. Juu yetu taa moja ilikuwa ikivuma.
Usiku ule, mimi mwenye masikio ya kukodisha
miaka ishirini na sita,
niliirudia santuri, nikasikia, mwisho wa kila kimya,
mlango wenye kutu ukifunguka kidogo.
Ulikuwamo siku zote.
Nilidhani ni ule ufa.

Basi tukafuta macho, tukafuta kidevu.
Osian alipanda ngazi za ukumbi na gunia la unga begani,
akihutubu, akishuka, akipanda,
mpaka hotuba ikachanika mahali pake.
Mwongozaji akalalama: watu watadhani kasahau maneno.
Wengine walidhani. Gazeti moja liliandika hivyo hasa.

Usiku wa kwanza Luned alikuja nyuma ya jukwaa,
Osian amefuta poda shavu moja.
Alikuwa na ombi, na halikuwa la hotuba.
Amwite jina, kama baba alivyomwita
kutoka mlangoni, buti zikiwa bado miguuni.
Osian akanitazama mimi. Mimi nikatazama daftari,
kurasa mia mbili na kitu, wino mwekundu, mweusi.

Akaivuta ile pumzi mbovu.
"Luned."
Bibi akageuza sikio lake zima.
"Tena."
"Luned."

"Hapana," akasema. "Siyo."
Akafungua mkoba, akatugawia peremende, mojamoja,
akauliza kituo cha basi
kiko upande gani.