Mililita

Kwetu Newala maji hayaitwi mengi au machache,
yanaitwa ndoo ngapi.
Ndoo ya kunywa, ndoo ya kupikia,
nusu ya kuoga sote,
na tulilonawia mikono linamwagiwa mpapai.
Kwa hiyo nesi Nangumbi aliponiuliza,
"Mama, utaweza kupima?"
nilikaribia kucheka.

Mpira mwembamba umetoka shingoni mwa Somoe, chini ya bandeji,
unashuka hadi kwenye kichupa laini kilichobonyezwa.
Alfajiri nakifungua, namimina, nasoma mstari:
thelathini na mbili. Nyekundu.
Naandika kwenye daftari la korosho la baba yake,
chini ya kilo za msimu uliopita.

Alikuwa na yai shingoni tangu ana miaka miwili.
Akimeza, lapanda; akishamaliza, lashuka.
Watoto wa jirani walimhonga vipande vya muhogo
ili walione likicheza.
Nikamvalisha ushungi mapema kuliko dada zake.
Watu wakanisifu kwa dini.
Nikanyamaza.

Siku ya pili: ishirini na moja.
Kichupa amekifunga kifuani kwa upande wa kanga yangu.
"Usiongee," ananiambia, sauti inakwaruza,
"kinanyonya."
Anataka ming'oko. Nampa uji.
Shingo ameikaza kama aliyebeba mtungi,
mpaka nesi anapitisha chungwa kushoto, kulia,
na macho yanalifuata,
na kidevu, shingo upande, kinafuata macho.

Siku ya tatu: ishirini na sita.
Nimepima tena. Ishirini na sita.
Nikapeleka mkono chini ya shuka kutafuta homa.
Kwetu ndoo ikizidi tunashukuru.
Hapa Ndanda maji yanashuka mlimani bure, usiku kucha nayasikia,
na mimi niko macho kwenye mkeka, naomba ukame.
Mungu, kausha.
Sikuwahi kulitamka neno hilo.

Asubuhi daktari akauliza, "Jana alicheza?"
Alicheza. Aliruka kitanda hadi kitanda
na yule wa Nanyumbu mwenye mkono wa plasta.
"Basi. Tusubiri."

Kumi na tatu.
Tisa.
Nne, rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.

Leo wameutoa.
Nesi akamwambia apulize, kama anapoza uji,
na mpira ukatoka katikati ya pumzi.
Hakulia.
Alilia kichupa kilipotupwa kwenye pipa lenye mfuniko:
"Nani atakinyonyesha?"
Hakuna aliyemjibu. Hata mimi sikuwa na jibu.

Baadaye akaomba maji.
Namtazama akimeza: kovu, nyuzi tano,
na koo lake tu likipanda na kushuka.
Daftarini nimepiga mstari chini ya nne. Sikujumlisha.
Ushungi nimeukunja chini kabisa ya furushi.
Akiutaka, atauomba mwenyewe.