Picha ya Thelathini na Nane

Kamera hii niliinunua kwa Malachy, mpiga picha za harusi,
aliyeniambia huku akihesabu noti: "Hii inakimbia."
Kweli inakimbia. Picha kumi na nne kwa sekunde.
Alichonificha ni wembamba wa koo lake.

Koo ni bafa, kijichumba kati ya lenzi na kadi
ambamo picha mbichi hupanga foleni zikisubiri kumezwa.
Thelathini na nane huingia.
Ya thelathini na tisa hukuta mlango umefungwa,
taa nyekundu inapepesa,
nawe unabonyeza, unabonyeza, kama mtu anayegonga nyumba ya wadeni wake.

Niliijua namba hiyo. Niliiandika kwa wino kiganjani
kama mtoto anayeibia mtihani.
Mvua ya Clare ikaifuta kabla ya mapumziko.

Fainali ya parokia: Kilnamora na Ballyfarra,
magongo mapana kama miiko,
kijimpira cha ngozi kinachoruka kuliko jicho.
Vijana wa gazeti huwa nawafundisha:
tatu, nne, achia, pumua,
usimalize kibaba kwa mbio za mtu mmoja.

Dakika ya mwisho. Kilnamora mbele kwa pointi mbili.
Cathal Devane akaudaka mpira, akageuka,
nami mwalimu nikasahau somo.
Kidole kililala juu ya kitufe
kama mlevi juu ya kengele.
Bega lake. Bega lake tena. Matope. Kiwiko kinapanda.
Bega la beki, halina kazi, picha sita nzima za bega la beki!
Haba na haba,
kibaba kikajaa.

Kelele zilipolipuka upande wa Ballyfarra
kamera yangu ilikuwa inatafuna.
Sekunde tisa. Nilizihesabu.

Usiku mhariri, Assumpta, aliuliza: "Goli liko wapi?"
"Kwenye ya thelathini na tisa."
"Basi nipe ya thelathini na tisa."
Ningepiga zilizopikwa, ndogo, zisizo na uzito,
ningepata mia na zaidi.
Lakini mimi na ubichi wangu, mimi na tamaa ya rangi.

Wakachapa ya mwisho iliyoingia.
Ndani yake Fiachra Hehir, kipa, yuko hewani,
gongo limenyooka, macho wazi,
na mpira haujavuka mstari.
Ballyfarra walipiga simu wiki nzima:
mmetuficha goli letu.

Ijumaa akaja mama yake kipa, Dympna,
koti linachuruzika, sarafu ndani ya bahasha.
Alitaka kubwa, ya kutundika juu ya jiko.
Nikaanza kumwomba radhi kwa ile iliyokosekana.
Hakunisikiliza. Aliweka ukucha wa kidole gumba
kati ya mpira na mstari wa goli.
Ukaenea, na nafasi ikabaki.
"Hapa," akasema, "bado tunaongoza."

Limerick nimeiona kadi yenye kasi, kamera yenye koo pana,
mia mbili bila kukwama.
Bei naijua kwa moyo.

Kesho wanacheza watoto wa chini ya miaka kumi na miwili.
Nimeiandika tena namba kiganjani,
safari hii kwa kalamu ya kuandikia masanduku.