Barua ya Kuthibitisha Ujuzi

Wakala amesema barua iwe ukurasa mmoja
na iwe na mhuri.
Mhuri sina. Nimeazima wa jirani, wa duka la rangi,
kwa hiyo Kavere, akisomwa huko Japani,
atakuwa amethibitishwa na Makopo Bora, Kariobangi.

Miaka ya tajriba: fomu imeacha kisanduku,
tarakimu mbili, basi.
Nitie nini?
Alikuja na viatu vya shule, akaniuliza
kwa nini moto wangu unatema.
Nikamwambia moto hautemi, mkono ndio unaotetemeka.
Tangu siku hiyo: mageti mia mbili na kitu,
vitanda vya zahanati, vizimba vya kuku,
mlango wa kanisa kule Dandora uliokataa kufunga
mpaka alipolala chini akaona ulikopinda.
Nimeandika 07.
Hiyo sifuri ya mbele ni yao.

Jumanne walimhoji kwa simu,
tumeiegemeza kwenye kopo la grisi.
Wazee watatu, wamekaa kama wako matangani,
mkalimani yuko Ngara, sauti inakatika.
Kampuni ina mafundi kumi na mmoja.
Aliye mdogo ana miaka hamsini na tisa.
Mashine nne zimefunikwa turubai,
kazi ipo, mikono haipo.
Hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

Kavere akajibu, "Hai." Akainama. "Hai," tena.
Mwalimu wao kawafundisha ndiyo "ndiyo" ya kule.
Mimi nilisikia Kiswahili:
hai, hai, hai,
kama mtu anayeitikia jina lake
chini ya ghorofa lililoanguka.

Kisha yule wa pembeni, ambaye hakuwa amesema kitu,
akaomba kuona mshono. Si cheti. Mshono.
Kavere akapitisha simu kwenye ubavu wa geti la jana,
polepole, kama anayemmulika mtoto aliyelala.
Mzee akavua miwani, akasogea
mpaka kioo kikajaa jicho.
Akasema neno moja.
Mkalimani akalitafuta, akalikosa:
"Anasema... mhm."
Nililijua. Ndilo ninalolisema mimi
mara mbili kwa mwaka, nikijisahau.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Methali nzuri. Haikuuliza
mgeni katoka nyumba ipi,
na huko alikotoka nani sasa
anashika upande wa pili wa bomba.

Kinyongo sina.
Mshahara wao wa mwezi
ni mageti yangu ya miezi minane, ukitoa umeme,
na mama yake Vihiga anadaiwa hadi na muuza maziwa.
Mimi nina sitini na mbili. Jicho la kushoto
linaona duara la maji mahali pa moto.
Ningekuwa na ishirini na sita
ningeinama mpaka paji liguse sakafu.

Basi:
Nathibitisha kwamba Kavere Asige anajua chuma.
Anajua kinapodanganya.
Akinyamaza kazini msimsemeshe, anasikiliza.
Chai yake ni vijiko vitatu vya sukari, msimcheke.

Wakala ataikata sentensi hiyo ya mwisho.
Naiacha.

Nimegonga mhuri. Umelalia kushoto.
Nikatoka na kipande cha bati kilichobaki,
na rangi, ya mwenye mhuri yule yule, kwa mkopo,
nikaandika FUNDI ANATAKIWA,
nikakichomelea mwenyewe juu ya mlango.

Mshono umetema.
Kesho nitaupiga tupa mapema,
kabla hajafika akauona.