Bahari ya Ukutani

Picha hii, mwanangu, usiiamini sana.
Bahari iliyo nyuma yetu ni rangi ya mafuta,
kaichora kijana wa studio pale Magomeni,
na ukitazama vizuri, mnazi wake
umeota katikati ya maji.
Bahari yenyewe tuliiacha asubuhi.

Siku ishirini na moja majina yetu yalining'inia
kwenye ubao wa bomani, Somoe na Anselimu,
kati ya tangazo la mnada wa korosho
na la mbuzi aliyepotea Chikongola.
Mwenye pingamizi ajitokeze.
Hakujitokeza mtu,
ila mmoja aliandika juu yetu, kwa kalamu ya bluu,
namba ya simu ya fundi bomba.

Bibi yako hakusema ndiyo, hakusema hapana.
Alisema: "Kesho bamvua.
Njooni kabla maji hayajarudi."

Tukaenda Mikindani, watu saba,
mimi gauni nimelikusanya mkononi,
baba yako kakunja suruali ya suti hadi magotini,
mtu wa Ndanda, mtu wa milima na visima,
anakanyaga mwani
kama anayepita kati ya watoto waliolala.
Mama alikuwa mbali, kule mwambani,
kainama, mchokoo mkononi.
Hakuja. Sisi ndio tulimfuata.

Akamtoa pweza shimoni, akampiga jiweni,
shangazi anahesabu, akapotelea kwenye thelathini.
Akamchemsha palepale, kwenye kopo la rangi,
kwa kuni za mikoko zilizogoma kuwaka,
na kabla hajaiva akakata mnyiri mmoja.
"Ya dini mtayajua wenyewe," alisema.
"Mimi nataka kuona kama anatafuna."

Baba yako akatafuna.
Akatafuna, maji yakaanza kulamba miamba.
Akatafuna, shangazi akacheka mpaka akakaa chini,
kanga yake mpya ikalowa.
Akatafuna, macho yakamwiva.
Kisha akanyamaza, akatikisa kichwa: tayari.
Mama akafungua pindo,
elfu nane, mbichi kwa chumvi,
akamtia mfukoni bila kumtazama usoni.

Mimi nahesabu ndoa yangu kuanzia hapo.

Bajaji ya Chilumba ikapanda mlima ikikoroma,
mabibo yananukia toka mashambani,
hakuna aliyezungumza. Shangazi alisinzia.
Bomani feni inazunguka, haipepei.
Karani akauliza, "Mashahidi?"
Wa kwanza, shangazi, yupo.
Wa pili, mjomba wako Mfaume.
Alikuwa ameahidi.
Simu yake iliita. Ikaita tena.
Nikaanza kuuzoea mlango ule, rangi yake,
kitasa kilichofungwa kwa waya.

Chilumba, aliyekuja kudai nauli yake,
akaweka funguo mezani:
"Mimi nimewatoa pwani mpaka hapa.
Nani ameshuhudia zaidi?"
Akaandika jina lake polepole,
kwa herufi kubwa, ulimi nje.

Niliposimama kutia saini, mchanga ukamwagika viatuni,
kichuguu kidogo juu ya saruji ya serikali.
Karani akautazama, akagonga muhuri.
Baba yako aliulizwa kama ameridhia.
Aliitika kwa kichwa tu.
Nilidhani ni haya.

Halafu studio. Noti za mama ndizo zililipa.
Mpiga picha alizinusa, akauliza tumetokea wapi,
kisha akatusimamisha mbele ya maji yake makavu
na kuniambia nisogee, nisiufiche mnazi.

Sasa lete hiyo picha karibu na dirisha.
Tazama shavu la baba yako, la kushoto.
Umeona lilivyojaa?
Mjomba wako husema jino lilikuwa linamuuma,
lakini mjomba wako hakuwepo.
Usiku ndipo nilipojua.
Alikwenda nje, akakaa huko kitambo,
aliporudi akaomba maji,
na neno lake la kwanza kwangu kama mume
lilikuwa: "Usimwambie mama yako."

Mama alikuwa anajua.
Aliitundika picha hiyo juu ya kitanda chake
na kila alipoipangusa vumbi
alianzia shavuni.