Daftari la Ithungu

Aliyekuja Jumanne alituletea chumvi.
Chumvi, Katwe!
Pakiti mia mbili, kila moja na picha yake akitabasamu,
akazigawa mbele ya ziwa lililotuchubua magoti
tangu enzi za babu zake na babu zetu.
Tulipokea. Mkono mtupu haulambwi.
Kisha Baluku Zefania, ambaye hacheki ovyo,
akacheka mpaka akakaa chini.

Ithungu Yeresi hakuleta kitu.
Alikuja na daftari la kurasa tisini na sita,
lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma,
na kalamu aliyoazima kwangu, hadi leo hajairudisha.
Anagombea kiti cha baraza la wilaya,
huyu tuliyekwangua naye chumvi shimo moja,
miguu yetu minne ndani ya maji yanayochoma,
unga wa muhogo mapajani
kama samaki wanaosubiri kikaango.

"Andika," aliniambia, "vidole vyangu vimepasuka."
Nikaandika: Kwanza, barabara ya lami.
Akasoma. Akaikata.
"Lami itapita juu ya nani?"

Nikaandika: Kwanza, mabuti ya mpira kwa wachimbaji,
na daktari anayejua ngozi, hata mara moja kwa mwezi.
Hiyo akaiacha, ila neno *Kwanza* akalifuta kwa mate
mpaka karatasi ikatoboka.

Usiku ule tulibishana juu ya neno hilo moja.
Nani atangulie?
Watoto wa shule, wanaoshinda na njaa hadi saa kumi
wakisinzia juu ya hesabu?
(Mmoja ni wangu. Nilisema watoto. Nilisema kwa sauti.)
Wajane waliopokonywa mashimo ya chumvi
kabla matanga hayajaondolewa?
Maji ya kunywa, ambayo bei ya jerikeni
hupanda kila mfuko unaposhuka?
Wazee, ambao fedha zao za uzeeni
zinawangoja kwenye miaka themanini,
na ziwa linawangoja kwenye hamsini?
Koroboi ikaishiwa mafuta, hatujaafikiana.

Asubuhi Ithungu akasema,
"Tumuulize asiyeweza kuja mkutanoni."

Tukaenda kwa Mbambu Kezia,
ambaye miguu yake ilikwisha kazi
mwaka ule ukingo wa shimo ulipomporomokea.
Yumo chumbani, nyuma ya pazia la gunia.
Ithungu akakaa sakafuni, akauliza:
"Mama, wilaya ikikupa kitu kimoja tu?"
Tulingoja ataje kiti cha magurudumu.
Akatazama mabati muda mrefu.
"Mlango," akasema. "Mlango wa choo.
Mpana, wenye komeo kwa ndani.
Nimechoka kubebwa,
nimechoka kuangaliwa."

Hatukuwa na neno. Nje mtu alikuwa akigonga mwamba wa chumvi,
ko, ko, ko.

Sasa ndio mstari wa juu daftarini:
*Mlango wa choo wa Mbambu, na wa kila aliye kama Mbambu.*
Wakubwa wa chama, kule Kasese mjini, waliusoma wakacheka.
Hii si ilani, walisema, hii ni kazi ya seremala.
Ithungu akawajibu, "Basi nipeni seremala."

Sijui kama atashinda.
Uchaguzi ni Januari, jua kali, chumvi ikikomaa,
na wengi wetu hatutaacha shimo kwa ajili ya foleni.
Tena zile pakiti mia mbili zimekwisha kuingia vyunguni.
Hata mimi nilitia kwenye maharagwe, nisidanganye;
ilikuwa nyeupe, laini, haina mchanga.
Pengine ilitoka hapa hapa, ikaoshwa,
ikaturudia na uso wa mtu.

Ila jana jioni nilimwona Baluku Zefania,
hakutumwa na yeyote,
ameinama mlangoni pa choo cha Mbambu,
misumari mitatu mdomoni,
akipima upana kwa kamba,
akipima tena.