Sambaza, Toleo la Pili

Mwezi wa tatu tuliandika: asilimia nne nukta moja.
Tukapiga muhuri, tukabandika mlangoni pa biro,
na namba ikateremka Kadutu kabla ya mvua.
Mwalimu Cirhuza akaibeba kwenye kikao cha mishahara.
Mwenye duka akaikunja, akafungia chumvi.

Kisha Nsimire, mpima bei wetu, akarudi sokoni
akatazama kitako cha kikombe.
Bati lilelile, franka elfu moja zilezile,
ila M'Birhali alikuwa amekigonga kwa jiwe
kikavimba kwa ndani, kama goti chini ya blanketi.
"Ulipima bei," akamwambia, "haukupima kikombe."
Nsimire akageuza vya jirani: vya maharagwe,
vya unga wa muhogo, vya mchele.
Soko zima lilikuwa limepiga goti.

Tukahesabu upya usiku, umeme ukienda na kurudi.
Nne nukta moja ikawa sita nukta nane.

Mkubwa wetu alitaka "marekebisho madogo ya kiufundi",
chini kabisa, herufi kama mayai ya chawa.
Sikubishana. Nilimaliza chai yangu,
nikaandika juu, kwa wino mzito:
Tulikosea. Vikombe vilibadilika, hatukuvitazama ndani.
Na ile ya zamani sikuifuta. Niliikata mstari mmoja,
isomeke.

Kwa mwalimu nilikwenda kwa miguu.
Kikao chao kilikuwa kimekwisha,
nyongeza imeshapimwa kwa kikombe chetu kibovu.
Akasoma namba zote mbili, iliyo hai na iliyochinjwa.
"Na hii sita nukta nane, nayo mtaibadilisha?"

Hapana lilikuwa mdomoni, jepesi, tamu.
Nikasema: ikibidi.
Na nitapanda tena ngazi zako hizi kukuambia.
Hakucheka. Alinisogezea kiti.

Samaki wa ziwa hili jina lake sambaza,
na kazi iliyoandikwa kwenye kitambulisho changu
ni kusambaza.
Miaka tisa sikuwahi kuyasikia maneno hayo mawili
yakiitana.

Jioni nilisimama kwa M'Birhali.
Kabla hajapima nikapitisha kidole ndani ya bati,
nikaligusa lile goti.
Akaangua kicheko, akaniongezea samaki watatu.

Hao watatu nao nimewaandika.