Kaa

Batuli Masudi aliingia karakanani kwangu, Kariobangi,
na daftari lililonuka chumvi, au nilidhani tu,
akauliza kama naweza kuchomelea mzizi.

Nikamwambia mimi hutengeneza mageti.
Simba wawili, au tausi ukiongeza hela.
Mzizi ni kitu cha ardhini,
nani hulipia kisichoonekana?

Akafungua daftari.
Kisiwani kwao, Wasini, mizizi hutoka nje kuvuta pumzi.
Mkoko husimama kwa magoti.
Mchu huinua vidole elfu kutoka topeni
kama darasa zima linalojua jibu.

Kaunti ilikuwa imempa kipande cha vumbi
chini ya barabara ya juu, pale Pangani,
palipokuwa pa kukojolea, na pa mbuzi wa mtu.

Mimi ni mtu wa Kibwezi. Bahari sijaiona.
Basi niliipokea kwa vipimo:
nondo ya milimita kumi na mbili, pinda hapa,
hapana, Mutinda, huo ni mguu wa meza,
mkoko haukai kwa adabu,
unajitupa kama mtu aliyekosa ngazi.
Siku tisa nikapinda, nikakosea.
Siku ya kumi alinyamaza, nikajua nimepata.

Siku ya mwisho, yeye kaenda kuswali,
nilichukua mnyororo wa baiskeli, vijiko viwili,
na nati mbili za macho,
nikaunda kaa. Gando moja juu.
Aliporudi alicheka mpaka akashika nguzo:
"Kaa akiinua gando, mambo yamekatika!
Haya, umenifungia kazi."
Nikamchomelea chini ya mzizi wa tatu,
upande unaotazama barabara ya Thika,
nikamwambia kaa: kaa.

Hakukaa.
Usiku wa nne walimng'oa,
wakaacha doa jeusi, kama la kaa la moto.
Batuli alikwisha rudi kwao. Sikumwambia.
Nilizunguka kwa wauza vyuma chakavu, Gikomba, Shauri Moyo,
nikieleza umbo lake kwa mikono
kama mzazi aliyepotelewa na mtoto.
Nikamkuta guniani, kati ya mabomba na kifuniko cha sufuria,
kijiko kimoja hana.
"Hapa chuma hakina jina," akasema mwenye mizani, "kina kilo."
Kilo na robo. Nikalipa.

Kisha mvua za Aprili.
Maji yalishuka yakatafuta mto wao wa zamani
wakakuta lami, wakakuta sisi,
yakaingia chini ya barabara ya juu bila kubisha hodi.
Asubuhi mizizi ilikuwa imeshika kila kitu:
ndala za miguu ya kushoto, chupa, mlango wa kibanda,
na furushi la soksi la mama Nyaguthii
alilolifunga juu kabisa kabla ya kukimbia,
kavu, jozi mia na themanini.
Alizihesabu mbele yangu, mara mbili.

Nikampigia Batuli. Hakuuliza hasara.
"Yalifika wapi?"
Gotini.
"Goti lako au la mkoko?"
Yote mawili.
Akanyamaza. Ule unyamavu wa siku ya kumi.

Kaa bado yuko dirishani kwangu. Sijamrudisha.
Najiambia gundi ya chuma haijatosha, umeme umekatika,
kesho.
Wateja wa mageti humshika gando wakipita.
Juzi mmoja wa Kasarani, aliyetaka simba wawili,
alisimama na picha ya Pangani kwenye simu yake,
akauliza kama mkoko unaweza kuwa geti.
Hauwezi, nikamwambia. Unapitisha maji.
Akamtazama kaa, akanitazama mimi.
"Naelewa," akasema. "Lakini ni bei gani?"